Kijana Hakujichagua Mwenyewe

Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa Aprili, Wamarekani huingia katika ubishi ambao mgeni aweza kudhani ni wa uchaguzi wa Rais. Kwa vinyozi, viwandani, katika mabaa na redioni, watu wazima wenye heshima zao hurushiana maneno kwa siku tatu mfululizo. Wala hakuna mpira unaochezwa siku hizo. Linalobishaniwa ni majina ya vijana wapatao mia mbili na hamsini waliotoka vyuo vikuu, na timu gani imemteua nani. Mwaka 2024, katika mji wa Detroit, watu zaidi ya 775,000 walihudhuria shughuli hiyo kwa siku zile tatu, kusikiliza majina yakisomwa.

Mchezo wenyewe si kandanda hii yetu. Ni ule mpira wa Kimarekani wenye umbo la yai, unaochezwa kwa mikono zaidi ya miguu. Huenda msomaji akauliza: hayo yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu kijana mmoja mzaliwa wa Dar es Salaam aliwahi kupita katika mlango wa namna hiyohiyo, katika mchezo wa kikapu, na habari zake tutazifikia. Yatuhusu pia kwa kuwa shabiki ni shabiki popote alipo. Hoja yetu leo ni kwamba kubishana juu ya uteuzi wa timu ni haki ya shabiki, tena ni haki njema. Lakini hasira inayozaliwa na ubishi huo mara nyingi humwangukia mtu asiyestahili.

Kwanza tueleze utaratibu wenyewe. Sisi tumezoea usajili, ambapo klabu na mchezaji hupatana, na mwenye fedha nyingi ndiye apataye. Kwa Wamarekani sivyo. Timu zote 32 za ligi ya NFL huteua vijana kwa zamu, katika duru saba, na iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita ndiyo hutangulia. Bingwa husubiri nyuma. Timu yaweza kuuza zamu yake kwa timu nyingine, ikapewa zamu nyingine au mchezaji. Lakini kijana akishateuliwa, hana ruhusa ya kuzungumza mkataba na timu nyingine yoyote.

Aliyebuni utaratibu huo ni Bert Bell, aliyekuwa mwenye timu ya Eagles ya Philadelphia. Katika miaka ya 1930 timu yake ilikuwa dhaifu, na kila kijana hodari alikimbilia timu zenye nguvu za New York na Chicago. Bell akawashawishi wenzake kwamba mnyonge apewe nafasi ya kwanza ya kuchagua, na tarehe 8 Februari, 1936, uteuzi wa kwanza ukafanyika katika hoteli moja ya mji wake. Eagles ndiyo iliyotangulia, ikamteua Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, mchezaji aliyesifika kuliko wote mwaka ule. Kilichofuata chafaa kukumbukwa na kila shabiki: Berwanger hakuichezea Eagles hata siku moja, wala hakuichezea timu nyingine yoyote ya ligi hiyo. Aliona kuna kazi zenye maslahi zaidi, akaenda zake. Wahenga walisema, mchagua nazi hupata koroma.

Tangu hapo mashabiki wamegawanyika katika madhehebu mawili. Dhehebu la kwanza husema: teua aliye bora kuliko wote waliobaki, hata kama nafasi yake uwanjani imekwisha kujaa. La pili husema: ziba pengo, kama ukuta wako unavuja, usinunue taa. Kila upande una hoja nzito, na kila upande una ushahidi. Tutazame timu ya Packers ya mji mdogo wa Green Bay. Timu hiyo haina tajiri mmoja anayeimiliki. Hisa zake zimo mikononi mwa watu zaidi ya laki tano, wengi wao mashabiki wa kawaida. Mwaka 2005 ilikuwa na Brett Favre, kwotabeki mashuhuri, yaani yule aongozaye mashambulizi na kurusha mpira. Hata hivyo, zamu yake ya 24 ilipofika, ikamteua kwotabeki mwingine, Aaron Rodgers. Watu wakauliza, wawili wa nini? Rodgers akakaa benchi miaka mitatu, kisha akawaletea ubingwa mnamo Februari 2011. Mwaka 2020, Rodgers akiwa bado na nguvu zake, timu ikarudia jambo lilelile: ikamteua Jordan Love, wakati mashabiki walitamani mtu wa kumdakia Rodgers mpira. Kelele zikawa kubwa zaidi. Mwaka 2023 Rodgers alihamia New York, na Love akaiongoza timu hadi katika michezo ya mtoano msimu uleule. Hao mashabiki wa Green Bay wana hati za hisa ukutani, lakini hawapigi kura juu ya nani ateuliwe. Basi, wakinyimwa hata kubisha, watabakiwa na nini?

Ubishi una mipaka yake, hata hivyo, na mfano ulio wazi kuliko yote watoka Philadelphia, mji uleule wa Bert Bell. Msimu wa 1998 Eagles ilishinda michezo mitatu tu kati ya kumi na sita. Ikapata zamu ya pili katika uteuzi wa Aprili 17, 1999, mjini New York. Mashabiki walikwisha kukata shauri: wamtaka Ricky Williams wa Chuo Kikuu cha Texas, mkimbiza mpira aliyevunja rekodi na kutunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Meya wa mji, Ed Rendell, naye alisema hadharani kwamba Williams ndiye. Kituo kimoja cha redio kikawasafirisha mashabiki wapatao thelathini hadi New York ili sauti ya mji isikike ukumbini.

Kocha mpya, Andy Reid, alikuwa na mawazo mengine. Jina lililosomwa ni la Donovan McNabb, kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Syracuse. Kijana akainuka katika suti yake, akapanda jukwaani siku ambayo alikuwa ameiota tangu utoto wake, na watu wa mji atakaoutumikia wakamzomea mbele ya nchi nzima.

Tuyapime yaliyofuata. McNabb aliitumikia Eagles misimu kumi na moja. Mara sita aliteuliwa kuwa miongoni mwa wachezaji nyota wa ligi. Aliifikisha timu katika nusu fainali ya ligi mara tano, na Februari 2005 akaifikisha katika fainali yenyewe, iitwayo Super Bowl, walikofungwa na New England kwa pointi 24 kwa 21. Mwaka 2013 Eagles iliistaafisha jezi yake namba 5, asiivae mtu mwingine tena.

Je, Williams alikuwa mchezaji hafifu? La hasha! Aliteuliwa wa tano na New Orleans, na mwaka 2002, akiwa Miami, aliwapita wakimbiza mpira wote wa ligi. Mashabiki hawakukosea juu ya kipaji chake. Walichosahau ni bei. Kocha wa New Orleans, Mike Ditka, alimtamani Williams hata akatoa zamu zote za timu yake za mwaka ule, na mbili za mwaka uliofuata, ili ampate. Timu ikabaki na kijana mmoja hodari asiye na wa kumsaidia. Ikashinda michezo mitatu tu, na Ditka akafukuzwa kazi. Mkamia maji hayanywi, na akiyanywa humpalia.

Wala asidhani mtu kwamba kuteua kwotabeki mwaka ule kulikuwa jambo la usalama. Aliyemtangulia McNabb, Tim Couch wa Cleveland, hakudumu katika ligi zaidi ya misimu mitano. Aliyemfuata, wa tatu, alikuwa kijana ambaye jina lake litamshangaza msomaji: Kabisa Akili Maradufu Smith, Mmarekani aliyepewa na wazazi wake majina ya Kiswahili. Timu ya Cincinnati ilikataa shehena ya zamu iliyoletwa na New Orleans ili imchukue Akili, naye akaanzishwa katika michezo kumi na saba tu. Watatu hao walipimwa na wataalamu walewale, kwa saa zilezile na mizani ileile, wakateuliwa wakifuatana. Mmoja tu ndiye aliyefaulu. Na kwotabeki aliyemfunga McNabb katika fainali ya mwaka 2005 alikuwa Tom Brady, ambaye mwaka 2000 timu zote zilimpita hadi zamu ya 199. Brady alistaafu na mataji saba. Ikiwa wenye kulipwa kwa kazi hiyo hukosea namna hii, shabiki asione haya kwa kukosea. Lakini asione fahari pia kwa kuzomea.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha maneno yetu. Katika shughuli hii yote kuna mtu mmoja tu asiyechagua kitu, naye ni kijana mwenyewe. Timu huchagua. Shabiki humchagua wa kumshangilia. Kijana huambiwa mji atakaoishi, mwajiri atakayemtumikia, na, tangu mapatano ya mwaka 2011, hata mshahara wake wa kuanzia hufuata namba ya zamu aliyoteuliwa. Mwanasheria au mhandisi aliyemaliza chuo kilekile hupeleka barua za kuomba kazi apendako. Wachezaji wenyewe walilalamikia jambo hili mahakamani. Mchezaji mmoja, James Smith, aliushitaki utaratibu huo, na mwaka 1976 hakimu wa Washington akaamua kwamba, kama ulivyokuwa wakati ule, ulivunja sheria inayokataza wafanyabiashara kula njama dhidi ya ushindani. Utaratibu ulinusurika kwa sababu mwaka 1977 chama cha wachezaji kilikubaliana na ligi uendelee, ukiwa umepunguzwa. Wenye kuutetea husema ndio uupao mji mdogo kama Green Bay nafasi ya kushindana na New York, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini usawa huo wa timu hugharimiwa na hiari ya kijana, na anayenufaika nao yampasa akumbuke ni nani alipaye.

Wachache walithubutu kukataa. John Elway aliikataa Baltimore mwaka 1983, akahamishiwa Denver. Bo Jackson, aliyeteuliwa wa kwanza kabisa mwaka 1986, aliikataa Tampa Bay na kwenda kucheza besiboli. Hao walikuwa na vipaji vya kuwapa kiburi. Kijana wa duru ya sita hana ubavu huo. Huchukua apewacho na kushukuru.

Sasa twende kwa kijana wetu. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliteuliwa wa pili katika ligi ya kikapu ya NBA mwaka 2009, na timu ya Memphis. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika huko, na nchi ilifurahi. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba, Stephen Curry. Wote wawili walikuja kuwa wachezaji bora wa ligi hiyo. Thabeet hakung'ara; kabla ya msimu wake wa kwanza kwisha alipelekwa kwa muda ligi ya chini, na baada ya mwaka 2014 hakucheza tena NBA. Tangu hapo, kila wanapotajwa walioteuliwa vibaya, jina lake husomwa kama kwamba yeye ndiye aliyetenda kosa. Kosa gani? Alianza mchezo huo akiwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi, akatoka katika viwanja vya Dar es Salaam, akafika mahali ambapo mamilioni ya vijana wa Marekani hawajafika. Memphis ndiyo iliyomwacha Curry. Thabeet hakumwacha mtu. Kutangulia si kufika, lakini pia aliyetangulizwa na mwingine asihukumiwe kwa mwendo ambao hakuupanga.

Inafurahisha kuona kwamba Philadelphia nayo haijaacha kubisha. Aprili 2020 Eagles ilimteua Jalen Hurts, wa 53, ilhali ilikuwa imempa kwotabeki wake, Carson Wentz, mkataba mnono mwaka mmoja tu kabla. Mashabiki waliwaka. Safari hii, hata hivyo, moto mwingi uliwaelekea viongozi wa timu, waeleze kwa nini wametumia zamu ya thamani kwa mtu wa akiba. Swali hilo lilikuwa la haki kabisa. Jibu lilikuja Februari 2025, Eagles ilipoifunga Kansas City pointi 40 kwa 22, na Hurts akatangazwa mchezaji bora wa fainali. Kocha wa Kansas City siku hiyo alikuwa Andy Reid, yuleyule aliyezomewa pamoja na McNabb.

Basi mashabiki na wabishe, wa huko na wa kwetu. Wadai hesabu ya kila zamu na kila shilingi, kwani timu isiyohojiwa hulala. Lakini maswali hayo yapelekwe kwenye meza ya kocha, mkurugenzi na mwenye timu, ambao walikuwa na hiari na wakaitumia. Kijana anayepanda jukwaani na kofia mpya kichwani hana jibu la kuwapa. Hajarusha mpira hata mmoja kwa jina la mji wao. Apewe makofi ya kumkaribisha kazini, na kazi yake ihukumiwe baada ya kufanywa.