Usemi wa Sokwe na Chanzo cha Lugha ya Binadamu

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba sokwe hasemi kwa sababu koo lake halimruhusu. Dhana hiyo ilipata nguvu kutokana na jaribio la Keith na Catherine Hayes, waliomlea sokwe Viki nyumbani mwao huko Marekani: baada ya mafunzo ya miaka kadhaa aliweza kutamka, tena kwa taabu, maneno manne tu ya Kiingereza. Mwaka 1969 Philip Lieberman na wenzake walieleza kuwa njia ya sauti ya kima haiwezi kutoa irabu zote za binadamu.

Ikiwa kizuizi ni koo, mikono ingetosha. Mwaka 1966 Allen na Beatrix Gardner walianza kumfundisha sokwe Washoe lugha ya ishara ya viziwi wa Marekani, naye akajifunza ishara zaidi ya 100. Herbert Terrace alifuata na sokwe Nim Chimpsky, jina lenye kumkejeli Noam Chomsky. Lakini taarifa ya Terrace ya 1979 iliyavunja matumaini yake mwenyewe. Picha zilionyesha kuwa mara nyingi Nim aliiga ishara ambazo mwalimu alikuwa ametoka kuzitoa. Tungo zake zilirefuka bila kuongeza maana. Mmoja wenye ishara 16 ulirudiarudia kupa, chungwa, kula na mimi. Mtoto anayekua katika Kiswahili hutofautisha mapema "Juma amempiga Ali" na "Ali amempiga Juma", na ndani ya "amempiga" hupanga mtenda, hali, mtendwa na mzizi kwa utaratibu usiobadilika. Nim hakuukaribia utaratibu wa namna hiyo.

Maana, hata hivyo, si mali ya binadamu peke yake. Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walionyesha mwaka 1980 kwamba tumbili wa Amboseli wana mlio wa chui, unaowakimbiza mitini, wa tai, unaowafanya watazame juu, na wa nyoka, unaowafanya watazame chini. (Wachanga hutoa mlio wa tai hata kwa jani linaloanguka.)

Hoja ya koo nayo ilidhoofika mwaka 2016, Tecumseh Fitch na wenzake walipopima kwa eksirei njia ya sauti ya kima aliye hai na kuona kuwa ingetosha kwa usemi unaoeleweka. Kinachokosekana kwa kima ni neva zinazounganisha moja kwa moja gamba la ubongo na zoloto. Lakini neva hizo zinaeleza usemi tu. Kushindwa kwa Nim, ambaye hakuhitaji koo, kunabaki nje ya maelezo hayo.