Redio Inayopenya Vumbi la Galaksi

Asubuhi ukungu ukilala juu ya michai ya Itumbe, humwoni mchumaji aliye mistari mitatu mbele yako, ila Egesa FM kwenye redio yake ndogo unaisikia waziwazi. Mawimbi ya FM yana urefu wa mita tatu hivi; matone ya ukungu ni madogo mno kuyazuia. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne tukifika kwenye mawimbi huwaanzishia hapo, kisha nawapeleka Arp 220.

Hizo ni galaksi mbili zilizogongana na sasa zinaungana, takriban miaka ya nuru milioni 250 kutoka kwetu. Mwaka 1983 setilaiti ya IRAS, iliyorushwa kwa ushirikiano wa Marekani, Uholanzi na Uingereza, ilipima anga kwa infraredi, ikadhihirika kwamba Arp 220 inang'aa kuzidi majua trilioni moja. Nyota changa zimefunikwa na vumbi. Vumbi linameza nuru yao, linapata joto, na joto hilo ndilo linalotufikia kama infraredi.

Vipimo hivyo vilileta jambo ambalo bado linanishangaza: galaksi ikizidi kung'aa kwa infraredi, redio yake nayo huzidi, kwa uwiano ule ule karibu, tangu galaksi hafifu hadi hizi kali. Na redio hiyo haitoki kwenye vumbi! Nyota zenye uzito wa zaidi ya majua manane hazifikishi hata miaka milioni 50. Zikilipuka, elektroni hurushwa kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru, na zikizungukazunguka ndani ya uga wa sumaku wa galaksi hutoa mawimbi ya redio, ambayo vumbi haliyazuii, kama ukungu usivyoizuia Egesa FM. Nyota zilizopasha vumbi joto zikiwa hai ndizo zinazowasha redio zikifa.

Kuona milipuko hiyo mmoja mmoja ndani ya Arp 220, ilibidi darubini za redio za mabara mbalimbali ziunganishwe zifanye kazi kama chombo kimoja. Kati ya Ulaya na Afrika Kusini pana pengo kubwa la darubini kama hizo. Huko Kuntunse, Ghana, dishi la simu la mita 32 liligeuzwa darubini ya redio, likazinduliwa mwaka 2017. Kenya pia imo katika mpango wa nchi za Afrika wa kuziba pengo hilo, na dishi tunalo Longonot, Bonde la Ufa. Nalitaka ligeuzwe vivyo hivyo, mtoto wa Itumbe apande matatu asubuhi na jioni awe anaipima Arp 220.