Ukitoweka Darasani, Nani Atakutafuta?

Hapa Illasit mpakani, simu hudaka mtandao wa Tanzania bila kukuuliza, na somo linakatika. Lakini si mtandao ulionitoa chuoni. Nilikosa somo la mtandaoni wiki moja, kisha mbili, na hakuna aliyeuliza. Nilipokuwa nikisomea Kitengela, kiti kikikaa tupu siku moja tu, wasee walipiga simu.

Usijiite mvivu haraka. Mwaka 2019, jarida la Science lilionyesha kuwa katika kozi za mtandaoni za MIT na Harvard, takriban watu 3 tu kati ya 100 walimaliza.

Basi kabla hujalipa karo, tafuta mwenzako mmoja mjisajili pamoja. Mkubaliane: ukikosa somo, akupigie usiku huohuo. Mimi sikuwa naye.