Difu ya nyuma: kwa nini kipuri kinachofanana chaweza kuliharibu gari

Mlio wa kuvuma unaotoka chini ya kiti cha nyuma, unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka na kubadilika dereva anapoondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, haufai kupuuzwa. Kwa magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, ambayo ni mengi katika barabara za Kanombe na kwingineko jijini Kigali, mlio huo mara nyingi ni dalili ya difu ya nyuma inayokufa.

Difu hufanya kazi gani?

Difu hupokea nguvu kutoka kwenye propela na kuigawa kwa magurudumu mawili ya nyuma, huku ikiruhusu gurudumu la nje kuzunguka kwa kasi kuliko la ndani gari linapokata kona. Ndani yake, gia ndogo iitwayo pinioni husukuma gia kubwa ya mviringo. Meno ya gia hizo husuguana kwa shinikizo kubwa, na kinachozuia chuma kisile chuma ni utando mwembamba wa oili.

Sili ikivuja, oili hupungua kimyakimya, kwa kuwa magari mengi hayana taa ya kumwonya dereva kuhusu oili ya difu. Beringi hulegea, meno hupoteza mkao wake, na hatimaye difu yaweza kukwama ghafla na kuyafunga magurudumu ya nyuma. Hilo likitokea kwenye miteremko ya Kigali, kinachohatarishwa si fedha tena bali ni maisha.

Kuthibitisha kasoro

Si kila mvumo hutoka kwenye difu. Mlio wa beringi ya gurudumu kwa kawaida hubadilika gari linapoelemea upande mmoja kwenye kona, ilhali ule wa difu hubadilika zaidi dereva anapokanyaga au kuachia mafuta. Ushahidi zaidi umo ndani ya oili. Uji wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia oili ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni ishara ya gia au beringi iliyovunjika.

Mtego wa uwiano

Wamiliki wengi huchagua difu iliyotumika kwa sababu ya bei. Hapo ndipo penye mtego. Tangu mwaka 2005 Rwanda ilipiga marufuku uingizaji wa magari madogo yenye usukani wa kulia, hivyo magari yake hutoka katika masoko yanayotumia usukani wa kushoto. Vipuri vingi vilivyotumika vinavyouzwa katika nchi za Kenya na Tanzania, kwa upande mwingine, hutoka kwenye magari ya Japani. Gari la jina moja, kama Toyota RAV4, laweza kuwa na injini au giaboksi tofauti kulingana na soko lilikokusudiwa, na pamoja nayo uwiano tofauti wa meno ya difu.

Pinioni yenye meno 10 na gia kubwa yenye meno 41 hutoa uwiano wa 4.1. Difu yenye meno 10 na 43, yenye uwiano wa 4.3, yaweza kufanana nayo kwa umbo na kuingia vizuri kwenye bolti zilezile. Lakini magurudumu ya mbele yakizunguka mara 100, ya nyuma yatataka kuzunguka kama mara 95 tu. Mifumo ya mbele na nyuma huanza kuvutana, oili huchemka, na klachi inayounganisha magurudumu ya nyuma huungua. Kwa hiyo namba ya utambulisho wa gari ihakikiwe na meno yahesabiwe kabla ya malipo.

Kufunga na kutunza

Kabla ya kumwaga oili, fundi afungue kwanza bolti ya kujazia: ikigoma baada ya oili kumwagwa, gari litabaki bila oili. Propela iwekewe alama ili irudi mahali pake, gari likae juu ya stendi imara, na difu ishikiliwe kwa jeki kabla ya kufunguliwa. Sili mpya zifungwe wakati huohuo, maana ndizo mara nyingi huanzisha tatizo.

Oili iwe ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, nayo ijazwe gari likiwa mahali tambarare hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Kuibadilisha kila baada ya kilomita 40,000 hivi, au mapema zaidi kwa gari linalobeba mizigo mizito au kupita kwenye maji, ni nafuu mno kuliko kununua difu.

Tairi zote nne nazo ziwe za ukubwa mmoja na zenye uchakavu unaokaribiana, kwani tairi mbili mpya zikichanganywa na mbili zilizokwisha huzusha mvutano uleule wa uwiano usiolingana. Na gari likiharibika njiani, libebwe juu ya lori. Kulivuta huku magurudumu mawili yakiwa chini kwaweza kuua hata sehemu zilizokuwa zimesalimika.