Muulize babu leo: historia ya Arusha iliyobaki nyumbani

Mtoto wa Kijenge anaweza kukariri chanzo cha Vita vya Majimaji kwa ajili ya mtihani, lakini asijue nani alijenga Boma analolipita kila akienda mjini. Si kosa lake. Nyumbani hakuna aliyemsimulia.

Mzazi anayetaka kuanza aanzie hapo Bomani, mwendo mfupi wa daladala kutoka Kijenge. Ngome hiyo ya Wajerumani ilikamilika mwaka 1900, kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru. Leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na mtoto ataona humo pia chimbuko la binadamu.

Kutoka hapo, familia inaweza kwenda Kaloleni kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha Januari 26 hadi 29, 1967, na Azimio likatangazwa Februari 5. Aliyekuwa na miaka 10 siku hizo sasa anakaribia 70, na huenda ndiye bibi anayewapikia watoto wako uji.

Hata hivyo, makumbusho huonyesha kile tu kilichotunzwa na mtu fulani. Mengi ya Arusha hayajawahi kufika huko.

Chukua kisa cha Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu takriban Wameru 3,000 ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Wameru wakachangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Mwalimu Nyerere alifika kwenye baraza hilo mwaka 1955.

Kisa hicho kinajulikana kwa sababu Kirilo na mwanasheria Earle Seaton walikiandikia kitabu, kikachapishwa mwaka 1967. Lakini wengi wa wale 3,000 hawakuandika chochote. Aliyekuwa na miaka saba wakati huo leo amevuka 80. Anakumbuka walilala wapi usiku wa kwanza na mifugo ilikwenda wapi. Akiondoka bila kuulizwa, hakuna kabati la makumbusho litakalorudisha maneno hayo.

Kumbukumbu ya ukoo ina nguvu. Mangi Lobulu Kaaya wa Meru alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Zaidi ya miaka 120 baadaye, ndugu zake wamekuwa wakitafuta mabaki yake Ujerumani. Wasingetafuta kama jina lake lisingepokezana mdomo kwa mdomo, kutoka kizazi hadi kizazi.

Wala si kila makumbusho huanzishwa na serikali. Bujora, karibu na Mwanza, makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa na padri wa Kikatoliki kutoka Canada, David Clement, akishirikiana na wenyeji. Ngoma, viti vya watemi na vyombo vya nyumbani vikapata pa kukaa.

Familia haihitaji jengo ili kuanza. Inahitaji Jumapili moja mchana na mambo haya machache:

Mtoto aulize mwenyewe. Baada ya shikamoo, asianze na "tuambie historia", maana mzee hatajua aanzie wapi. Aulize jambo dogo: "Babu, mlipohama mlibeba nini?" au "Bibi, shuleni mlikuwa mnakula nini?"

Rekodi kwa simu, kwa ruhusa ya mzee. Mwanzoni mtoto ataje tarehe, mahali na jina la anayesimulia. Rekodi hiyo itumwe kwa ndugu wawili siku hiyohiyo, kwa sababu simu hupotea.

Andikeni nyuma ya picha. Majina, mahali na mwaka viandikwe kwa penseli laini, bila kukandamiza. Wino hupenya na gundi huharibu. Picha zikae kwenye bahasha ya karatasi, pakavu, mbali na jua.

Msitupe karatasi kuukuu. Kadi ya TANU, cheti cha ubatizo, stakabadhi ya kahawa ya chama cha ushirika: hivyo ndivyo vinavyothibitisha masimulizi.

Mzee akikataa kusema jambo, aachwe. Wapo waliopoteza watoto au wazazi katika kuhamishwa kule, na si kila kidonda cha kufunuliwa mbele ya wajukuu. Huenda akasema siku nyingine, akiwa na mmoja tu.

Baada ya hapo mpelekeni mtoto Bomani. Atatazama kuta zile akijua kwamba waliozijenga walikuwa watu wa huku, wenye majina, na kwamba baadhi ya majina hayo huenda yamo katika ukoo wake.