Akitoka pale, analala wapi?

City of Joy ni filamu iliyosifiwa sana, na sifa nyingi inazistahili. Madeleine Gavin aliitoa mwaka 2016. Miaka miwili baadaye Netflix ikaisambaza duniani. Inaonyesha kituo kilichofunguliwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwaka 2011 na Christine Schuler Deschryver, Daktari Denis Mukwege na Eve Ensler, ambako wanawake waliobakwa vitani hukaa miezi sita wakijifunza kuupenda tena mwili wao. Wanaimba, wanacheza, wanajifunza kujihami. Niliitazama nikitamani initikise, nikabaki mkavu. Kilichonikwaza nilikielewa niliposikia swali la mama mmoja wa Kibati, mshauri wa wanawake waliopitia yaleyale. Jina lake nalihifadhi kwa usalama wake.

"Ile filme iko muzuri," aliniambia. "Lakini ule mama, kiisha kutoka pale, anaenda kulala wapi?"

Kibati iko kaskazini mwa Goma, kwenye barabara ya Rutshuru, chini ya Nyiragongo. Vita viliipitia mwaka 2008, vikarudi 2013, na tangu 2022 hakuna haja ya kumsimulia mtu. Kinachosahaulika ni maji. Ardhi ni mawe ya volkano. Mvua ikinyesha inazama papo hapo. Bidoni ya lita 20 huja mgongoni au juu ya chukudu, ile skuta ya mbao, na kila kikombe kina mwenyewe: chungu cha maharage, mtoto, nguo. Aliyeibeba ndiye wa mwisho kuoga.

Ndiyo maana kazi ya mama huyu huanzia kwenye beseni. Humimina maji nusu beseni, akamkalisha mwanamke kwenye kigoda, akamwomba avue kandambili na kuosha miguu yake mwenyewe. Haulizi nani alifanya nini, wala lini. Miguu ya huku ina visigino vilivyopasuka, vumbi jeusi limeganda ndani ya nyufa, na makovu madogo ya mawe makali kuanzia vidoleni hadi kwenye kifundo. Mwanamke hukausha kwa kitambaa, akapewa gliserini kidogo kiganjani, akajipaka: kisigino kwanza, kisha katikati ya vidole, kisha unyayo. Mshauri hamgusi. Wengi mara ya kwanza husugua harakaharaka kama wanaosugua sufuria, wakitaka maji yabaki ya mtoto. Hao huitwa tena wiki inayofuata. Yupo aliyefika gotini baada ya miezi mingi. Yupo ambaye hajavuka kifundo, na hakuna anayemsukuma. Kwa mama huyu, siku mwanamke anapokubali kumwaga maji kwa ajili yake peke yake, kazi imeshaanza.

Ila jioni mwanamke hurudi nyumbani. Nyumba ni ya mbao, au ya turubai, chumba kimoja na watoto, na jirani husikia hata kikohozi. Mume, kama hakukimbia, amelala upande wa pili akiogopa kuunyoosha mkono. Wapo waume wanaomwita mshauri pembeni, kwa sauti ya chini, kumuuliza kama wanaruhusiwa kumgusa mke wao begani. Sehemu kubwa ya filamu ya Gavin imo ndani ya ukuta wa kituo, palipo na chakula, maji na wanawake wenzao. Mume huyu sikumwona humo. Petna Ndaliko Katondolo, mtengeneza filamu wa Goma, alitaka kwa filamu yake Jazz Mama ya mwaka 2010 wanawake wa Kongo waonekane zaidi ya kuwa wahanga. Sijaona bado filamu inayoingia chumbani mle na kukaa.

Kuna mwanamke aliyemwambia mama huyu kwamba hataki kuguswa tena na yeyote maisha yake yote, na kwamba ametulia hivyo. Analima, anacheka, miguu yake anaipaka mafuta. Je, amepona? Mshauri hakunijibu. Katika City of Joy furaha ilinifikia kwa kelele na kwa ngoma, na sijui huyu angewekwa wapi.

Nilimuuliza angependa kamera ianzie wapi ikifika Kibati. Hakufikiri muda mrefu. "Kwa bwana," alisema. "Kwanza bamuulize bwana."