Chakula cha Mtoto Kimo Chunguni Mwenu

Katika mitaa ya Kaloleni, Bahati na Jericho, wapo wazazi wadhanio kwamba uji mwepesi wamtosha mtoto aanzaye kula. Sivyo. Uji huo ni maji mengi: hujaza tumbo, lakini mwili hubaki na njaa. Mtoto atimizapo miezi 6, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo hupungua, na maziwa ya mama pekee hayamtoshi tena. Basi, kabla ya kutia chumvi na pilipili, mtengee sehemu yake katika chungu cha jamaa: maharagwe, mboga, viazi, unga wa omena. Vipondwe laini, ale mara 2 au 3 kwa siku, huku akiendelea kunyonya. Nawe baba, urudipo kazini, mpakate wakati wa chakula. Mtoto hujifunza kula kwa kuwatazama walao.